Mto Mkavu Usio Mkavu: Niliyojifunza Nikipiga Picha Kitui na Makueni

Ukitaka kupiga picha ya mto mkavu Ukambani, hakikisha kwanza kwamba huo mto ni mkavu. Mimi sikuhakikisha.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kushika kamera kama kazi. Kwetu ni Makueni lakini nimelelewa Mombasa, kwa hiyo nilikuwa naijua Ukambani ya likizo za Desemba tu, ile ya maembe na majani mabichi. Septemba moja nikapanda bodaboda Mutomo, kusini mwa Kitui, nikashukia kwenye mto wa msimu saa saba mchana. Mchanga mtupu, ukingo hadi ukingo. Mama mmoja ameinama kwenye shimo akichota maji kwa kibuyu, punda wawili wamesimama karibu na mitungi ya njano. Nikalala kifudifudi, nikabonyeza mara arobaini hivi. Usiku nikachagua moja, nikaondoa rangi, nikatia anga giza ambalo halikuwepo, nikaandika chini yake neno moja: "Kiu."

Picha ilisambaa kuliko zote nilizowahi kupiga. Miezi minane baadaye nikapita tena njia ile, nikamkuta mama yuleyule, nikamwonyesha kwenye simu nikitarajia afurahi. Akaitazama kwa muda.

"Mwanangu, nani amekwambia nina kiu?"

Sikuwa na jibu. Akanishika mkono akanipeleka mita mia moja hivi upande wa chini, akanionyesha ukuta wa mawe ulioukatiza mto. "Kiu ilikuwa zamani, tulipokuwa tunaamka saa tisa usiku kutafuta maji. Mawe ya ukuta huu nimeyabeba kwa kichwa changu." Kisha akaongeza lililoniuma zaidi: "Na ungeniita kwanza, usingenipiga na nguo ya kufulia."

Nilikuwa nimesimama juu ya bwawa la mchanga bila kujua. Kwa wasiolijua: ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa kukatiza mto wa msimu, mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko yakija, matope mepesi hupita juu ya ukuta na mchanga mzito hubaki nyuma yake. Baada ya misimu kadhaa mto umejaa mchanga hadi juu, na katikati ya punje hizo mna maji, robo ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii kirahisi, mbu hawazalii humo. Kitui ina mamia ya kuta hizo, nyingi zimejengwa tangu miaka ya 1990 na wanavijiji kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, wakishirikiana na shirika la SASOL. Kwa macho ya mgeni, bwawa lililojaa na mto uliokufa vinafanana kabisa. Kamera nayo ni mgeni.

Basi, utayapigaje maji yasiyoonekana? Mimi nimejaribu njia nyingi, na iliyonifaa ni kuacha kutafuta picha moja inayosema yote. Napiga mfululizo. Ya kwanza mchanga mkavu, ya pili mkono umezama hadi kiwiko, ya tatu maji yanapanda polepole shimoni. Nashuka chini ya ukuta nipige mawe yenyewe, maana huko ndiko jasho la watu linakoonekana. Napiga kingo: miwa, sukuma wiki, migomba iliyosimama pale ambapo, kwa mujibu wa ile picha yangu ya kwanza, hakuna uhai. Na nafika alfajiri. Mchanga wenye maji karibu huwa na rangi nzito kidogo asubuhi kabla jua halijakaza, na mwanga wa pembeni huonyesha nyayo za mbuzi, za punda na za watoto waliotangulia. Baada ya saa mbili na nusu asubuhi rudisha kamera mfukoni, unywe chai. Ukiirudia saa kumi na nusu hutakuwa umekosa kitu.

Ile saa saba ilinikosesha jambo jingine pia. Kipima mwanga cha kamera kikiona mchanga mweupe mwingi hudhani mwanga umezidi, kinaipunguzia picha yote mwanga, na uso wa mtu mweusi unakuwa kivuli tu. Baadhi ya picha za njaa tunazozijua zina watu wasio na sura kwa sababu hii ndogo ya kifundi. Pimia uso, si mchanga. Mchanga ukiungua kidogo, shauri yake. Au mwombe mtu asogee chini ya mwembe, lakini kumbuka majani ya mwembe humwaga ukijani kwenye ngozi, na hilo husumbua kulisafisha kwenye kompyuta. Mimi hubeba gunia jeupe la unga lililopasuliwa, naliweka chini miguuni pa mtu lirudishe mwanga usoni. Watu hucheka, na wakishacheka ndipo napiga.

Lakini kosa lenyewe halikuwa la mwanga. Niliipiga picha ile kwa sababu nilikuwa nimeiona tayari. Mkenya mwenzetu Mohamed Amin alipopiga filamu ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984, dunia ilishtuka na misaada ikamiminika. Siwezi kumlaumu hata kidogo, kazi yake iliokoa watu. Ila tangu hapo ukame una sare yake: udongo uliopasuka, mfupa wa ng'ombe, mama ameinama. Wanaokuja kutoka Nairobi na Ulaya huja na orodha hiyo kichwani, na mimi mtoto wa hapa nilikuwa nayo vilevile.

Wazee wa Kikamba wana utaratibu bora zaidi: kila njaa wanaipa jina. Moja ya miaka ya 1980 inaitwa Nikw'a Ngwete, maana yake "nakufa nikiwa nimeshika". Watu walikuwa na pesa mkononi, chakula cha kununua hakikuwepo. Njaa ya namna hiyo ukiipiga udongo uliopasuka umeikosa. Ilihitaji rafu tupu dukani na noti kiganjani. Siku hizi kabla sijatoa kamera kwenye mfuko nauliza: hali hii mnaiitaje? Jina huniambia nisimame wapi.

Kitu kilichobadilisha kazi yangu kabisa ni picha za mtu aliyenitangulia kwa miongo mingi. Mwaka 1937 afisa wa kikoloni aliyeitwa R. O. Barnes alipiga picha za vilima vya Machakos, wakati Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Vilionekana vipara, vimechimbwa makorongo, na wakoloni wakaona nchi inakufa. Zaidi ya miaka hamsini baadaye watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizilinganisha na picha mpya za sehemu zilezile, na matokeo wakayachapisha katika kitabu mwaka 1994. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini vilima vilikuwa na miti na matuta ya fanya juu yaliyochimbwa kwa jembe, mstari juu ya mstari. Barnes hakudanganya kuhusu siku yake. Aliyekosea ni aliyeichukua siku ile kuwa hatima ya watu.

Kwa hiyo nami nilichagua kilima kimoja upande wa Mbooni, nakirudia kila mwaka. Ukitaka kufanya hivyo, haya ndiyo yaliyonigharimu kuyajifunza. Tafuta alama isiyohama: jiwe kubwa, kona ya kanisa la mawe, mstari wa kilima nyuma. Mti usiutegemee, mwaka wa pili nilikuta wangu umekuwa mkaa. Andika lenzi uliyotumia, saa, na urefu wa kamera kutoka ardhini. Nenda na nakala ya picha ya zamani iliyochapishwa kwenye karatasi, uinyanyue mbele ya macho, usogee hadi mistari ilingane. Na rudi mwezi uleule. Mvua ya kutegemewa huku ni ya Oktoba hadi Desemba; ukilinganisha Septemba ya mwaka huu na Novemba ya mwaka ujao unaweza kudai serikali imefanya muujiza. Nimeona watu wakidai.

Kuhusu mkaa nina deni ambalo sijamaliza kulilipa. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku kusafirisha mkaa na mchanga nje ya kaunti. Nilitaka kuonyesha misitu inavyokwisha, nikampiga kijana mmoja kwenye tanuri lake. Nikajiona nina busara, kwani nilimpiga mgongo, uso haukuonekana. Nilisahau kwamba kijijini mtu hujulikana kwa shati. Wiki mbili baadaye alikuja kunitafuta, hakuwa na hasira hata, aliniomba tu niitoe. Niliitoa, lakini ilikuwa imeshanakiliwa kwenye simu za watu nisiowajua, na chini yake matusi kwamba watu kama yeye ndio wanaoleta jangwa. Gunia moja la mkaa halimtajirishi anayelichoma. Wenye malori sikuwa nimewapiga hata mmoja, na walaji wa Nairobi hawamo kwenye picha kamwe.

Sijaacha kupiga mkaa. Ninachofanya sasa ni kuufuata mbele: magunia kando ya barabara, malori, jiko la nyama choma mjini na mteja aliyeketi nyuma yake na soda. Sanaa inayosema kuhusu jamii ikiishia kwa mnyonge aliye rahisi kufikiwa, huo ni udaku tu uliopangwa vizuri. Kwenye mchanga ni hivyo hivyo, pamoja na hatari: Makueni ina sheria ya kulinda mchanga tangu 2015, na watu wameuawa kwa ajili ya biashara hiyo. Usiende mtoni peke yako usiku kutafuta malori. Hakuna picha inayostahili hilo.

Ruhusa, basi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa data yake, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mimi huomba kwa Kikamba, naeleza picha itakwenda wapi, narekodi jibu kwenye simu. Mtoto simpigi mpaka mzazi au mlezi akubali, hata mwanga uwe wa ajabu namna gani. Mtu akikataa nasema muvea, asante, naketi. Mara nyingi mazungumzo huanzia hapo.

Vumbi nisiseme mengi: usibadilishe lenzi upepo ukivuma, beba foronya safi ubadilishie ndani yake. Nakili kadi kila usiku mahali pawili. Nimewahi kupoteza picha za ntheo nzima, yaani sherehe ya mahari, mbuzi na wakwe wote, na pesa za watu nikazirudisha. Ndiyo, ntheo na harusi ndizo zinazonilipia nauli ya kwenda kwenye kilima changu. Sioni aibu.

Zawadi bora niliyojipa ilikuwa kuzirudisha picha kwa wenyewe. Wazo nililipata kwa Boniface Mwangi, ambaye baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008 alizunguka nchi na maonyesho ya Picha Mtaani, akizitundika mahali watu wanapopita badala ya kungoja waje ukumbini. Nami nikachapisha picha kumi na mbili kwenye turubai la matangazo, nikapata kibali cha ofisi ya soko, nikazifunga kwenye ua siku ya soko. Kalamu ya wino mzito niliifunga kwa uzi pembeni. Kufikia saa tisa walikuwa wamenisahihishia majina ya mito miwili, mwaka wa ukuta mmoja, na aina ya mbuzi. Mzee mmoja alisimama mbele ya kilima cha Mbooni kwa muda mrefu, picha mbili kando kwa kando, kisha akaweka kidole kwenye doa la kijani lisilozidi ukucha. "Huo mwembe ni wangu," akasema, akaanza kuwaeleza waliokuwa nyuma yake aliupanda mwaka gani.

Mama wa Mutomo nilimpiga tena, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, juu ya ukuta, na leso aliyoichagua mwenyewe. Si picha kali kama ile ya "Kiu", na haijasambaa popote. Anayo nakala yake.

Na wewe unayesoma hapa, ikiwa nyumbani kwenu kuna picha za zamani za Kitui au Makueni, zile za studio zenye pazia la mandhari au za shamba lenye babu amesimama mbali mno, usizitupe. Keti na wazee kabla hawajasahau. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli, si kalamu ya wino, ni mahali gani, mwaka gani, na kilima kinachoonekana nyuma kinaitwaje.