Vitu vya Kale vya Ukristo: Fanya Haya, Usifanye Haya

Kila baada ya miaka michache hutangazwa kitu kipya cha zama za Wakristo wa kwanza. Kinahubiriwa kabla hakijachunguzwa, kisha kinaporomoka, na waumini wanabaki hawajui washike lipi. Nimechoka kuona jambo hili likijirudia, maana linaepukika.

FANYA

Uliza kilifukuliwa wapi, kilifukuliwa na nani, na kimepita mikononi mwa nani. Sanduku la mifupa linalomtaja Yakobo, mwana wa Yosefu, ndugu yake Yesu, lilitangazwa mwaka 2002. Lilitoka kwa mkusanyaji binafsi, si kwa wanaakiolojia. Mwaka 2003 kamati ya Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli ikasema maandishi yameghushiwa. Mwaka 2012 mahakama ikamfutia mkusanyaji mashtaka ya kughushi, lakini jaji akasema wazi kwamba hukumu hiyo haithibitishi kuwa maandishi ni halisi. Ubishi haujaisha, kwa sababu hakuna mtaalamu aliyeshuhudia sanduku likitoka kaburini.

Soma maandishi yenyewe. Usitosheke na jibu la maabara. Mwaka 2012 Profesa Karen King wa Harvard alitangaza kipande cha mafunjo cha Kikopti, kidogo kama kadi ya biashara, ambamo Yesu anataja "mke wangu". Kipimo cha kaboni kikaonyesha kuwa mafunjo ni ya kale kweli, ya karne ya 7 au ya 8. Watu wakashangilia. Wangefikiri kidogo tu: mghushi hutafuta mafunjo matupu ya kale, akaandika juu yake leo. Mtaalamu Christian Askeland akachunguza kipande kingine cha mmiliki yuleyule, cha Injili ya Yohana, chenye mwandiko uleule. Maneno yake yalifuata mgawanyo wa mistari wa toleo la Injili hiyo lililochapishwa mwaka 1924, mstari mmoja ukiandikwa na mwingine ukirukwa. Mwandishi wa kale alilipata wapi toleo hilo? Kipande cha "mke" nacho kilibeba kosa la uchapaji lililomo katika nakala ya Injili ya Tomaso iliyowekwa kwenye intaneti. Mwaka 2016 King mwenyewe alikiri kwamba ushahidi unaelekea kwenye kughushi.

Tazama wino ulivyokaa, na utazame kabla ya kulipa. Jumba la Makumbusho la Biblia mjini Washington lilikuwa na vipande 16 vilivyodaiwa kuwa vya Magombo ya Bahari ya Chumvi. Mwaka 2020 wachunguzi walisema vyote ni bandia. Chini ya hadubini, wino ulikuwa umejaa ndani ya nyufa. Ngozi ilikuwa imezeeka na kupasuka kabla haijaandikwa.

USIFANYE

Usitangaze kwanza ukapima baadaye. Vitabu vya Jordan vya madini ya risasi, vilivyodaiwa kuwa vya Wakristo wa kwanza, vilivuma duniani mwaka 2011. Peter Thonemann wa Oxford alionyeshwa picha tu, akatambua maneno ya Kigiriki yaliyonakiliwa kutoka jiwe la kaburi lililo katika makumbusho ya Amman. Aliyenakili hata herufi alizichanganya.

Usinunue. Hujaji uliyeko Yerusalemu, ile sarafu ya "enzi za Pilato" iache hapohapo. Ikiwa feki, umeliwa. Ikiwa halisi, huenda imeporwa kaburini, na sheria ya Israeli inataka kibali ndipo itoke nchini.

Usikatae kila kitu kwa pupa. Nakala ya Injili ya Yuda, kitabu kisichomo katika Biblia, ni ya kale kweli. Walioiharibu ni wafanyabiashara: ilikaa miaka 16 katika sanduku la benki New York ikimomonyoka, kisha ikagandishwa kwenye friji. Kurasa zikawa vipande vidogovidogo.

Usiegemeze imani ya watu juu ya kitambaa. Mwaka 1988 maabara tatu zilipima Sanda ya Turin, inayodaiwa kuwa ilimfunika Yesu kaburini, zikapata kwamba ni ya kati ya mwaka 1260 na 1390. Askofu Pierre d'Arcis alikuwa ameandika mwaka 1389 kwamba ni kazi ya mchoraji. Kanisa Katoliki halijatamka rasmi kuwa ndiyo sanda ya Yesu. Wewe mchungaji umepata wapi ujasiri wa kulitangulia?

Na kama tayari umekihubiri kitu kikaja kuonekana ni cha kughushi, rudi kwenye mimbari ileile, mbele ya waumini walewale, uwaambie.