SOMO: BUNDUKI NYUMBANI NA MTOTO MWENYE MOYO MZITO

Leo tunajifunza jambo lililotokea Marekani, kwa sababu linafundisha kila mzazi na kila mwalimu.

1. Habari yenyewe

Katika jimbo la Michigan kuna mji mdogo uitwao Oxford. Tarehe 26 Novemba 2021 baba mmoja alinunua bastola kwa ajili ya mtoto wake wa miaka 15. Haikufungiwa sawasawa. Asubuhi ya tarehe 30, katika shule ya sekondari ya serikali, mwalimu aliona karatasi ya hesabu ya mtoto yule. Alikuwa amechora bunduki na kuandika maneno ya kuomba msaada.

Mshauri wa wanafunzi aliita wazazi. Waliambiwa wamtafutie mtoto mganga wa mambo ya akili upesi. Lakini hawakumrudisha nyumbani, na wakubwa wa shule hawakufungua mfuko wake. Alirudi darasani, na bastola ilikuwa ndani ya mfuko ule. Siku hiyo hiyo aliua wanafunzi 4 na kujeruhi watu 7.

Mwaka wa 2024 mahakama iliwahukumu mama na baba, kila mmoja kifungo cha miaka 10 mpaka 15. Mwaka ule ule sheria mpya ya Michigan ilianza kuagiza kwamba bunduki ifungiwe pale penye mtoto.

2. Tunaelewa nini?

Mwaka wa 2002 serikali ya Marekani ilitoa uchunguzi juu ya mashambulio 37 ya mashuleni. Washambuliaji 68 kwa mia walipata silaha nyumbani kwao au kwa jamaa. Tena, katika mashambulio 81 kwa mia, mtu mwingine alijua mapema. Basi hatari ilikuwa karibu, na habari yake pia.

Tusiseme kwamba kila mwenye ugonjwa wa akili ni mwuaji. Walio wengi hawadhuru mtu. Lakini mtoto aliyekata tamaa asiachwe karibu na bunduki, maana anaweza pia kujiua.

3. Tufanye nini?

Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua vita vilivyoleta bunduki karibu na watoto wetu. Kwa hiyo:
- Mwenye silaha kwa kazi yake aifungie bila masasi, na masasi mahali pengine. Kifungulo kisijulikane na mtoto.
- Mtoto akinyamaza siku nyingi, au akichora kifo, tumwulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo.
- Tusimcheke wala kumpiga. Tuombe pamoja naye, tena tumpeleke kwa mganga.
- Mwalimu asimwachie mzazi, wala mzazi asimwachie mwalimu. Kule Oxford wote waliona karatasi, na mtoto akabaki peke yake.

Maulizo: Nani katika nyumba yako amenyamaza? Nani atakaa naye leo?