Nyaya Kwanza, Rimoti Baadaye

Huenda umeziona mahali: taa zinazopunguzwa mwanga kwa simu, na mapazia yanayofunguliwa na mota. Ukijenga Wusi kwenye baridi, au kule Voi kwenye joto, hata wewe unaweza kuwa nazo. Ila uamuzi mkubwa hufanywa kabla ya plasta, wakati wengi wetu bado tunawaza mabati.

Swichi za kawaida mara nyingi hupelekewa nyaya mbili tu: wa moto, unaoleta umeme, na mwingine wa kuupeleka kwenye taa. Swichi zinazoendeshwa kwa simu hukaa macho saa zote zikisubiri amri, hivyo nyingi huhitaji pia nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme. Mwambie fundi afikishe nyutro kwenye kila boksi ya swichi, na alaze paipu yenye waya hadi juu ya kila dirisha litakalopata pazia la mota. Sasa utalipia mita chache za waya. Baadaye utalipia kuvunja ukuta, plasta mpya na rangi.

Balbu je? Muulize muuzaji kama inakubali kupunguzwa mwanga, kwani isiyokubali hupepesa. Na ndugu akikuletea swichi kutoka Marekani, kumbuka kule ni volti 120, hapa Kenya 240.

Mapazia anzia madirisha ya mashariki na magharibi, maana huku karibu na ikweta jua hupenya zaidi pande hizo. Pazia la nje huzuia joto kabla halijapita kioo. La ndani hulizuia likiwa limeshaingia. Kwa Voi mimi ningechagua la nje. Wusi kuna ukungu na baridi, kwa hiyo la ndani latosha. Ukitaka la nje, mota iwe imezibwa isiingie maji na iwe na kifaa cha kulikunja upepo ukizidi. Popote ulipo, chagua mota yenye betri ya akiba au yenye mpini wa kuzungusha kwa mkono, kwa siku umeme unapopotea.

Fedha zikiwa kidogo, anza na sebule na dirisha moja la magharibi. Nyaya zilizolazwa zitasubiri.

Fundi akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kazi za umeme. Tembea naye chumba kwa chumba mkichora swichi na mapazia ukutani kwa chaki, na upige picha nyaya kabla hazijafunikwa. Picha hizo zihifadhi pamoja na ramani ya nyumba.