NDEGE KATIKA NEMBO: HESHIMA YAKE NI NINI?

Mataifa mengi yamechagua ndege awe alama ya nchi yao. Yafaa tujiulize: kwa nini huyu achaguliwe na yule aachwe? Na akiisha kuchaguliwa, huheshimiwaje?

Tutazame kwanza nchi ya jangwa. Huko Marekani, jimbo la Arizona lilichagua mwaka 1931 ndege mdogo ajengaye kiota chake katikati ya miiba ya mipungate. Mwaka 1949 jirani yake, jimbo la New Mexico, lilichagua ndege apendaye kukimbia kuliko kuruka, naye huwala mijusi na nyoka. Watu wa huko hawakutafuta ndege wa fahari kutoka mbali. Walimtwaa yule avumiliaye jua lile lile na ukame ule ule wanaouvumilia wao. Basi nembo njema huonyesha nchi ilivyo.

Jirani zetu wa Uganda wana nchi ya maji na matete, nao nembo yao ni korongo taji. Aliwekwa katika bendera ya Himaya mwaka 1914, wakati wa Gavana Sir Frederick Jackson, aliyekuwa mjuzi wa habari za ndege. Uganda ilipopata uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, korongo alibaki katikati ya bendera mpya, ameinua mguu mmoja kama aendaye mbele.

Na sisi je? Ngao ya Kenya ina jogoo ashikaye shoka, na chini yake mna kahawa, chai na pareto, mimea ambayo mkulima wa Kisii na Nyamira aijua kwa mikono yake. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yaagiza kila kaunti iwe na bendera, nembo na muhuri wake, na wananchi waulizwe shauri. Kwa hiyo jambo la nembo si la wakubwa peke yao.

Nchi ya Kisii na Nyamira si jangwa. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na kati ya vilima mna mabonde ya vinamasi, mathalani Sironga katika Nyamira. Mahali pa namna hiyo ndipo korongo taji apendapo kuzaa. Jike hutaga mayai mawili mpaka manne kati ya matete, na wazazi wote wawili huatamia kwa zamu muda wa mwezi mmoja hivi. Makinda hukaa miezi miwili au zaidi kabla ya kuweza kuruka. Ngome yao ni majani marefu tu. Kinamasi kikikauka, ngome imevunjika. Mwaka 2012 wataalamu wa ulimwengu walimwandika korongo huyu miongoni mwa viumbe walio hatarini kuangamia.

Hatusemi kwamba mkulima ana nia mbaya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba ya Kisii. Mashamba ni madogo, basi watu hushuka bondeni kulima, kufyatua matofali na kupanda mikaratusi. Tena ni kweli kwamba korongo huweza kufukua mbegu zilizopandwa karibuni. Lakini hula pia panzi na mabuu waharibuo mazao. Na kinamasi chenyewe huhifadhi maji ya masika na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi. Akaushaye makao ya korongo hupunguza maji ya mtungi wake mwenyewe.

Yako mambo ambayo kila mtu aweza kuyafanya:

1. Acheni ukanda wa matete kando ya mto na chemchemi.
2. Msipande mikaratusi karibu na maji. Pandeni miti ya asili.
3. Msichukue mayai wala makinda, na wafundisheni watoto wasiwapige ndege mawe.
4. Shimo la matofali likiisha kazi, lifukieni.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Korongo ni mchezaji hodari, na bondeni ndiko kwao. Nchi yaweza kumchora kwa rangi nzuri katika kitambaa, lakini kitambaa hakimpi mahali pa kutagia. Heshima ya ndege ni kumwachia makao yake.