Ubaguzi Kazini: Jukumu la Kuthibitisha ni la Nani?

Ubaguzi kazini ni hali ya mfanyakazi kunyimwa usawa kwa sababu isiyohusu kazi yenyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inazitaja sababu hizo, zikiwemo jinsia, lugha, dini, kabila, ulemavu na ujauzito.

Mfano ufaao ni wa mchumaji wa majani chai huko Nyacheki, Kaunti ya Kisii, anayeachishwa kazi mara tu ujauzito wake unapoonekana. Huenda akanyamaza, akidhani hana kesi kwa kuwa aliajiriwa kwa mdomo na hana shahidi. Dhana hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, sheria hiyo inautambua pia mkataba wa mdomo. Pili, akishaieleza mahakama mambo yanayoashiria ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haukutokea.

Hata hivyo, kesi ya ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwa hiyo, tarehe ya kufukuzwa na maneno aliyoambiwa yafaa kuandikwa siku iyo hiyo. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo.