Nijenge fremuweki yangu?

Swali: Naandika programu ya wavuti ya kupokea pamba kwenye AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika. Fremuweki ya Laravel naiona nzito. Nijenge fremuweki yangu mwenyewe? – Msomaji, Manyamanyama, Bunda

Jibu: Ndugu yangu, tumia iliyopo. Uzito unaouona ni kazi ambayo wengine wamekwisha kukufanyia. Chukua jina Ng'wandu. Ukilibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, ile alama ya ritifaa inafunga maandishi kabla ya wakati na programu inagoma. Tundu hilohilo ndilo mwizi analopitishia amri zake. Laravel hulitenganisha jina na amri bila wewe kuhangaika.

OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ulijengwa juu ya fremuweki zilizokuwapo tayari, Spring na Hibernate. Waundaji wake walitoa jasho kwenye kamusi ya dhana za tiba, mahali palipohitaji ubunifu wao. Wewe lako ni mizani, madaraja ya pamba na malipo.

Hata fremuweki ya Django haikuanza kama fremuweki; ilichipuka kutokana na kazi halisi za gazeti huko Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma 2005.

Ukitaka kujifunza, jenga fremuweki ndogo nyumbani. Fedha za wakulima usiziweke humo.