Chimba, Uhesabu: Viumbe wa Udongo na Afya ya Shamba

Vitshumbi huishi kwa samaki. Kijiji kiko ndani ya Hifadhi ya Virunga, kusini mwa Ziwa Edward, na humo kulima hakuruhusiwi. Chakula cha shambani hutoka nje ya hifadhi, pande za Kibirizi, Kiwanja na Rutshuru. Udongo wa huko ukichoka, mvuvi hununua maharagi kwa bei kali. Ukiachwa wazi, mvua huusomba hadi mto Rutshuru, nao humwaga ziwani. Basi haya yanamhusu mkulima na mvuvi pia.

Kupima afya ya udongo, maabara si lazima. Chukua jembe, gunia na daftari. Mvua zikikolea, mwezi wa Aprili au Novemba, chimba asubuhi bonge la udongo lenye sentimita 25 kila upande na kina cha 30. Watafiti wa udongo wa tropiki hutumia kipimo hicho hicho. Wakati wa kiangazi usijisumbue: nyungunyungu hushuka chini, ukadhani wameisha. Mwaga udongo juu ya gunia, uvunje kwa vidole, uhesabu nyungunyungu, jongoo na mchwa kila kundi peke yake. Zidisha kwa 16 upate idadi ya mita moja ya mraba. Rudia sehemu tano za shamba, kisha chimba kwenye ukingo usiolimwa, bila kuvuka mpaka wa hifadhi. Ukingo ukiwa na nyungunyungu tele na shamba halina, shamba lina njaa.

Si kila kiumbe ni neema. Mabuu meupe yanayojikunja, yakiwa mengi, hula mizizi.

Maharagi yenyewe hutoa ushahidi mzuri kuliko wote, ila wengi huusoma vibaya. Yakianza kutoa maua, chimbua mche kwa jembe. Ukiuvuta, vinundu vya mizizini hubaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria wanalisha mmea naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi. Kinundu chema kimeshikamana ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa kidole. Uvimbe usiobanduka, mzizi wenyewe ukiwa umefura, ni kazi ya minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Hapo usirudishe maharagi wala nyanya msimu ujao.

Kuvu na bakteria wengine hawahesabiki, lakini wanajulikana kwa kazi yao. Fukia kipande cha kitambaa cha pamba tupu, kina cha kiganja, ukifukue baada ya miezi miwili ya mvua. Kikitoka matundu matupu, udongo unakula. Kikitoka kizima, umelala.

Matokeo yakiwa mabaya, anza kwa kuacha kuchoma mabua. Nasema hili kwa msisitizo, kwa kuwa moto huteketeza chakula cha viumbe hawa. Tandaza mabua na maganda ya maharagi, ongeza samadi iliyooza, kisha mwakani, mwezi ule ule, chimba tena kando ya mashimo ya kwanza.